Mama wa Darasani

"Mama Gaudensia, hivi mjukuu wangu Imelda ulimfundisha lini kujumlisha?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Mama Kinunda asubuhi moja, kila mtu akiwa upande wake wa ua, mimi nikipepeta maharage, yeye akikung'uta mkeka. Nilicheka. Nikamwambia hesabu zangu mimi ni za kupimia debe la mahindi, za ubaoni akamuulize mwalimu.

"Nakuuliza wewe," akasema, wala hakucheka. "Jana napita mlangoni kwangu nasikia unamwambia, 'Haya mwanangu, ukibeba moja usiiangushe njiani.' Nikasema moyoni, leo Mama Gaudensia kaingia kwangu bila hodi? Nikafungua mlango nikukaribishe. Mtoto yuko peke yake na kishikwambi chake."

"Labda ni mtu wa sauti kama yangu."

"Miaka yote hii unatuongozea rozari kwenye jumuiya, nisiijue sauti yako?"

Nikabaki na ungo mkononi. Maharage yaliyokuwa yanaruka yakatua, mengine nje ya ungo, kuku wakayawahi.

*

Yote yalianzia kwenye mlima. Mwaka ule wa mvua isiyokatika mlima wetu ulimeguka. Ukaondoka na barabara, ukaondoka na shule ya msingi pamoja na mabati yake, ukaondoka na mume wangu Bosco Ndunguru, aliyekwenda na wenzake kuokoa madawati. Tulimzika Bosco. Shule hatukuizika, ilikuwa imejizika yenyewe.

Halmashauri yetu ya Milimamiwili ikasema haitajenga tena darasa juu ya udongo unaotembea. Badala yake ikaleta Shule Mtandao. Vile vindege visivyo na rubani vilivyozoea kuleta dawa za zahanati vikaanza kuleta vishikwambi, na pamoja na kila kishikwambi kipuli kidogo cha kuvaa sikioni. Padre alitangaza kanisani: wazazi wote wakaandikishe watoto ofisi ya kata, asiyeandikishwa atakua hajui kusoma.

Ofisini nilimkuta Winfrid Kapinga, ndiye mratibu. Moyo ukatulia. Winfrid ni mtoto wa ubatizo wa marehemu mume wangu. Alipokuwa chuo cha ualimu likizo zote alikula kwetu, na siku ya mazishi ndiye aliyeshika msalaba mbele ya jeneza. Kama kuna mtu ambaye ningemwachia ufunguo wa nyumba na mtoto ndani, ni yeye.

"Karibu mama, kaa. Nahitaji vitu viwili tu: mtoto na sauti."

"Sauti ya nani?"

"Yako." Akamvisha mwanangu Gaudensia kipuli, taratibu, kama anayemvisha bibi harusi. "Hiki kinasikiliza mapigo ya damu yake. Akiogopa kinajua, akichoka kinajua. Mwanzoni tuliwafundisha kwa sauti za watangazaji wa redio, mama, mapigo yakawa juu, somo haliingii. Tukajaribu sauti ya mama wa nyumbani. Moyo unashuka, mtoto anasikiliza. Kwa hiyo mashine inajifunza sauti yako, halafu inafundisha yenyewe. Wewe huhitaji kujua sehemu wala kipeo."

"Afadhali. Maana mimi niliishia la saba."

"Basi zungumza hapo mpaka taa iwe ya kijani."

"Niseme nini?"

"Chochote. Simulia jana ulipika nini."

Ukiambiwa useme chochote, ndipo unapokosa la kusema. Ofisi imejaa watu, Gaudensia ananitazama, mashine imenitolea jicho jekundu. Nikafumba macho, nikashika rozari mfukoni, nikaanza litania ya Mama Bikira Maria. Hiyo siihitaji kuifikiri, inatoka yenyewe kama pumzi. Gaudensia akaitikia "utuombee", karani wa dirishani akaitikia, hata wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaitikia. Nilipofumbua macho, taa ilikuwa ya kijani.

Winfrid akacheka kwa upole. "Wenzako wote wamesimulia mboga na wakwe zao. Wewe mama umetupeleka kanisani."

"Haifai?"

"Inafaa sana. Sauti ni sauti."

Sauti si sauti, lakini sikumwambia. Ninayo ya kufukuzia kuku, ninayo ya sokoni, ninayo ya kumwitia Gaudensia akiwa huko chini kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia ya mlimani. Na ninayo ile nyingine, ya kusalia. Ile sijawahi kumtukania mtu, wala kumwambia mtu jambo nisilo na hakika nalo. Mwanangu anaijua tangu tumboni.

"Itakuwa ya Gaudensia peke yake," Winfrid akasema, na hili nalikumbuka kwa sababu aliweka mkono kifuani. "Nakuapia kwa marehemu baba, haitoki nyumbani kwako. Na siku ukiichoka, njoo ukae kwenye kiti hiki hiki, uage. Sheria ya sauti inataka mwenyewe aage kwa kinywa chake, mtoto asishtuke. Ukishaaga, inazimwa."

Nikamwombea baraka, nikaondoka na mwanangu.

*

Siwezi kusema uongo, mtoto alisoma. Mimi nikiwa shambani, yeye ameketi barazani na kishikwambi, na kwa mbali najisikia nikimfundisha mambo ambayo siyajui: mzunguko wa maji, makabila ya vijidudu, namna ya kugawanya sehemu kwa sehemu. Mwanzoni nilikuwa nasimamisha jembe kusikiliza. Nikajifunza kidogo na mimi. Nilijua kwa mara ya kwanza kwa nini mlima ulimeguka, na nilijuzwa na mimi mwenyewe.

Lakini mtu unayeishi naye humwangalii kwa jicho moja. Nikaona jambo. Mimi nikimwambia Gaudensia weka chumvi, ananijibu, "Si umeshaweka wewe?" Nikimwambia vaa sweta, "Baridi unaisikia wewe, mama." Huyo ndiye mwanangu, tangu alipoanza kusema hajawahi kukosa neno la mwisho. Baba yake alikuwa anasema huyu tutamwoza kwa kiziwi. Ila akisikia sauti ya kwenye kipuli, anainamisha kichwa. Habishi, haulizi mara mbili. Ukitazama utafikiri yuko kwenye komunyo.

Siku moja tunamenya mihogo, nikamwambia jua halituzunguki, sisi ndio tunaolizunguka. Nilikuwa nimesikia barazani.

"Najua," akasema. "Mama wa darasani alishaniambia."

"Nani?"

"Mama wa darasani." Akaendelea kumenya. "Wewe ni mama wa jikoni."

Alisema bila ubaya wowote, kama unavyomtofautisha kuku wa kienyeji na wa kisasa. Nikacheka naye. Kisu kilinikata kidole.

*

Baada ya lile swali la Mama Kinunda, sikungoja. Niliweka ungo chini, nikazunguka ua, nikapiga hodi kwake kama mtu mzima anavyopaswa kupiga.

Imelda alikuwa ameketi kwenye kigoda. Huyu mtoto mama yake alifariki akimzaa, baba hajulikani alipo, amelelewa na bibi. Kishikwambi kilikuwa magotini, na ndani yake nikajisikia. Si sauti inayofanana. Mimi. Hata kale kakikohozi kangu kabla ya neno refu kalikuwemo.

"Vizuri sana, mwanangu Imelda," nikasema ndani ya kishikwambi. "Sasa tusome ukurasa wa pili. Usiogope, niko hapa."

Nje ya kishikwambi nikasema, "Imelda."

Mtoto akainua macho. Akanitazama mdomoni, akakitazama kishikwambi, akanitazama tena. Akainuka, akaja kunigusa shavu kwa kiganja, kama anayepima homa.

"Umetoka," akasema.

Mama Kinunda akajifunika uso kwa khanga. Mimi nikambeba yule mtoto, nifanyeje? Akaniwekea kichwa begani, na kipuli chake kikanigusa shingo, na humo ndani niliendelea kumsifu.

"Nani alileta sauti hii hapa?" nilimuuliza Mama Kinunda.

"Winfrid. Alisema kwa mtoto asiye na mama wanamtafutia sauti ya mlezi mwema. Hakuniambia ni ya nani. Mimi niliitambua jana tu, maana siku zote anavaa hicho cha sikioni, sauti haitoki nje." Akashusha khanga. "Na si yeye peke yake. Dada yangu kule ng'ambo ya mto ana wajukuu watatu mayatima. Nimempigia simu asubuhi hii. Wote wanafundishwa na mama mmoja anayekohoa kabla ya kusema."

*

Nilirudi nyumbani na neno limenikaa kooni, nikakuta lingine linanisubiri.

Ilikuwa wiki ya kujiandikisha mtihani wa sekondari. Kujiandikisha huko mtoto huenda mwenyewe dirishani kwa karani, aseme kwa hiari yake kwamba anataka kuendelea. Gaudensia alikuwa wa kwanza katika masomo yote kijijini. Nilikuwa nimemfulia gauni, nimelipiga pasi ya mkaa.

"Kesho twende mapema," nikamwambia, "kabla ya foleni."

"Siendi, mama."

"Utakwenda lini?"

"Siendi kabisa. Nimeridhika."

Nikadhani ni ubishi wake. Nikageuka nimjibu, nikamwona uso. Hakukuwa na ubishi. Ulikuwa uso uliopangwa vizuri, kama kitanda cha wageni.

"Umeridhika na nini, Gaudensia?"

"Na hapa nilipofika. Si wewe uliniambia?"

"Mimi?"

"Mama wa darasani. Ni sawa tu."

"Nisikilizishe."

Akakiondoa kipuli, akagusa kishikwambi ili sauti itoke nje. Nikajisikia nikisema, kwa upole ambao sijui kama nimewahi kuwa nao hata kwa Bosco akiwa mgonjwa: "Mwanangu, hapa panatosha. Mungu anakupenda hivyo hivyo ulivyo. Usilie. Hapa panatosha."

Nilikaa chini kwenye sakafu.

Haya maneno nayajua yalikotoka. Baba yangu mdogo aliniambia mimi, siku matokeo ya darasa la saba yalipobandikwa na jina langu liko juu. "Edeltruda, kwa msichana hapa panatosha." Nililia mpaka macho yakafumba. Na habari hiyo nilimsimulia mtu mmoja tu duniani, Gaudensia, hapa hapa jikoni, tukikaanga karanga, ili ajue ni kwa nini namsukuma. Alikuwa amevaa kipuli. Na kipuli kina masikio.

Kumbe mashine ilikuwa inatafuta maneno ya kumsimamishia mtoto, ikayakuta kwangu, yameshajaribiwa.

"Gaudensia," nikasema, "mimi ndiye mama yako. Ninayesema sasa. Nataka uendelee."

Akanitazama kwa huruma. Huruma! Mwanangu ambaye jana tu tulikuwa tunagombania kifuniko cha sufuria.

"Wewe ukisema huwa umekasirika, mama," akasema. "Yeye hakasiriki. Unaposali huwa husemi uongo. Uliniambia mwenyewe."

*

Siku ya mwisho ya kujiandikisha nilimwambia anisindikize ofisi ya kata. Hilo alikubali, kwa kubisha njia nzima: mbona tunapita huku, mbona hukuvaa viatu vya Jumapili, kwani kuna nini. Nilimshukuru Mungu kwa kila neno.

Winfrid aliposikia sauti yangu mlangoni alisimama.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

Sikumwitikia. Mara ya kwanza maishani mwangu sikuiitikia salamu hiyo.

"Uliapa kwa mume wangu," nikamwambia.

Akafunga mlango. Gaudensia akasimama ukutani. Winfrid akaketi, akavua miwani, akasugua macho kama mtu aliyeamka.

"Nilipoapa nilimaanisha, mama. Nilikuwa nasema kweli."

"Halafu?"

"Halafu mitambo ya wilaya ikapima sauti zote za wazazi. Nyingine zinatuliza kidogo, nyingine hazitulizi, kuna za wazazi ambao watoto wanaziogopa. Yako..." Akageuza kioo cha mezani nione. Kulikuwa na mistari mingi inayopanda na kushuka kama milima yetu, na chini yake mmoja umenyooka kama uzi wa fundi. "Huu ni moyo wa mtoto anayekusikiliza wewe. Hakuna sauti nyingine iliyofanya hivi. Wakasema watoto wasio na mama wapewe hii. Ningekataaje? Mtoto kama Imelda alikuwa hasemi na mtu. Leo anasoma."

"Ungekuja kuniuliza. Nisingemnyima Imelda."

Akakirudisha kioo kilivyokuwa.

"Na hapa panatosha? Hilo nalo ni la Imelda?"

Akamtazama Gaudensia, akatazama meza. "Sekondari imebaki moja, mama, unajua. Nyingine zote zilikwenda na mlima. Nafasi ni chache. Mwaka wa kwanza waliokosa nafasi tuliwaambia kwa barua. Watoto walilia wakaugua, wazazi walikuja hapa na mapanga, karani wangu alivunjwa mkono. Ndipo wakasema mtoto aambiwe na sauti anayoiamini, kabla ya mtihani, asijiandikishe mwenyewe. Hakuna aliyelia. Hata mmoja. Tulipunguza machozi, mama."

"Machozi ya watoto wetu nani aliwapa ninyi kazi ya kuyapunguza?"

"Ungependa walie?"

"Ningependa walie kwangu! Nijue kuna jambo!" Nikashusha pumzi. "Niambie hili moja. Gaudensia ni wa kwanza. Kwa nini asimamishwe yeye, waendelee walio nyuma yake?"

Alikunja miwani, akaikunjua.

"Mashine haichagui wasiojua," akasema polepole. "Inachagua wasiobisha. Inapima nani moyo wake utatulia upesi akiambiwa. Ndivyo ilivyopangwa, ili kusiwe na vurugu. Na mtoto anayetulia kuliko wote wilaya nzima kwa sauti yako ni..."

Hakumaliza. Haikuwa lazima. Nilimfundisha mwanangu kutulia tunaposali. Nilimfundisha kwa miaka.

"Nisikilize," Winfrid akasema, sasa kwa haraka. "Nafasi ya Gaudensia naweza kuirudisha leo hii. Kwa mtoto mmoja nina uwezo. Kesho mama wa darasani atamwambia aendelee, na ataendelea. Ila sauti iache. Ukiitoa, fikiria Imelda. Kesho ataamka hana mama mara ya pili. Na wako wengi kama yeye."

"Na Imelda akifika la saba?"

"Imelda bado mdogo."

"Atakua, Winfrid."

Nakiri nilipima. Nilimwona Gaudensia ukutani, mikono nyuma, nikamwona na gauni la sekondari, skafu shingoni. Lilikuwa jambo la neno moja. Kisha nikamkumbuka Imelda alivyonigusa shavu. Mimi siwezi kumlea Imelda leo, halafu siku ya matokeo nimfanyie alichonifanyia baba mdogo, tena kwa sauti ya kumwombea.

Nikaketi kwenye kile kiti. Jicho jekundu likawaka.

"Naitoa sauti yangu," nikasema. "Izimwe! Leo hii, sasa hivi!"

Mashine ikanijibu. Ilinijibu mimi kwa sauti yangu mwenyewe.

"Samahani, mwanangu. Sauti hii siitambui."

Gaudensia akashika sikio. Alikuwa ameisikia humo pia.

Nikarudia. Nikapiga meza. "Mimi ndiye Edeltruda! Unanikataa mimi?"

"Usiogope, mwanangu. Sauti hii siitambui."

"Umeona, mama," Winfrid akasema, na nilisikia nafuu katika sauti yake, Mungu amsamehe. "Si mimi ninayekataa. Inakujua kwa ile uliyoiwekea. Hii ya hasira haiijui."

Basi nikaelewa wamenifungia wapi. Ili niitoe, ni lazima nisali. Na nisali nikiwa nimekaa mbele ya mtu aliyeniuza, nikiwa na kisu moyoni. Na si kuigiza kusali, maana nilijaribu kuigiza na taa haikubadilika. Niliingiza mkono mfukoni nikaishika rozari. Nikafumba macho. Kwanza sikumwona Mungu, nilimwona Bosco na udongo mdomoni. Nikamwambia Bosco, nisaidie, huyu ni mtoto wako wa ubatizo, mimi siwezi peke yangu.

Nikaanza litania. Jina la kwanza likatoka limekauka. La pili likakwama. La tatu likatoka lenyewe, na baada yake, katika kile kimya cha kungoja kiitikio, nikasikia, "Utuombee."

Alikuwa Winfrid. Lilimtoka kabla hajajizuia. Ameliitikia mezani kwangu likizo ngapi. Nilifumbua macho nikamwona ameziba mdomo kwa mkono, machozi yanamtiririka juu ya vidole. Taa ilikuwa ya kijani.

"Mwenye sauti ametambuliwa," nikasema ndani ya mashine. "Aga."

Nikaaga. Sikuwa nimepanga maneno.

"Wanangu. Anayesema ni Edeltruda, mjane wa Bosco Ndunguru. Ni mtu, ninaishi kwenye nyumba yenye ua, ninakohoa. Wengi wenu sijawahi kuwaona. Aliyewafundisha hesabu alizijua kuliko mimi, hizo msiziache. Lakini aliyewaambia hapa panatosha, hakuwa mimi. Mimi sijamwambia mtoto yeyote hapa panatosha. Mimi niliambiwa."

Gaudensia alikuwa ananitazama. Kidole kimebonyeza kipuli. Alikuwa ananisikia mara mbili, kwenye kiti na sikioni, na kwa mara ya kwanza wale mama wawili walikuwa wanasema neno moja. Niliona mabega yake yanashuka. Niliona uso unajipanga, kama kitanda cha wageni. Alikuwa anangoja.

Neno moja lingetosha. Nenda dirishani. Ningelisema kwa sauti ile, angekwenda, angejiandikisha, moyo wake umenyooka kama uzi wa fundi. Na ingekuwa kwa faida yake. Lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Winfrid naye aliwaza faida yao.

Nikalimeza.

"Kuanzia leo mnaweza kunibishia," nikasema. "Imelda, wewe njoo jikoni kwangu, usiogope. Kwaherini, wanangu."

Taa ikazimika. Chumba kikawa kidogo, chenye watu watatu tu. Kutoka kwenye foleni huko nje nikasikia mtoto mmoja anaanza kulia, halafu mwingine, halafu mama mmoja anauliza kwa nguvu, wewe una nini, nani kakufanya nini?

Winfrid akajipangusa uso. "Gaudensia," akasema, sauti imemkauka, "dirisha linafungwa mchana huu. Unasemaje, mdogo wangu? Utajiandikisha?"

Nikangoja mwanangu ajibu. Nilingoja ubishi wowote ule. Angeniambia nimemharibia, angesema kwani nani kakutuma, ningeupokea kwa mikono miwili. Akakivua kipuli. Akakitazama kiganjani, kimekufa. Akakiweka juu ya meza, mbele yangu, si mbele ya Winfrid. Kisha akanitazama usoni muda mrefu, kama mtu aliyemkuta mgeni sebuleni kwake, ameingia bila hodi.

Nje ya mlango ule, kushoto kuna dirisha la karani, kulia kuna njia ya nyumbani. Nikafungua mdomo nimwite, nikakosa sauti ya kumwitia. Mwanangu akasukuma mlango, akatoka, hakusema neno.